Mwenye Kamera Katumwa na Nani?

Mtu aliyeingia ofisi ya mji wa Kessling asubuhi ile hakuja kulipia maji, hakuja kukata leseni ya mbwa, wala hakuulizia choo. Alisimama katikati ya ukumbi, theluji ikimyeyukia viatuni, akainua kamera yake akaanza kurekodi. Kimya. Hakusalimu. Mtu mzima na ndevu zake, unaingia mahali penye watu, hata "habari za asubuhi" inakushinda!

Noreen Haas alimwona wa kwanza, na machale yakamcheza papo hapo. Alikuwa nyuma ya kaunta na kikombe chake cha kahawa. Alikiweka chini polepole, akageukia kabati la mafaili kana kwamba kuna kitu anakitafuta mle. Hakukuwa na kitu. Alitaka kisogo chake ndicho kionekane.

Nikwambie mapema, maana bila kulijua hili utamwona Noreen mwanamke wa visirani tu. Noreen hakuzaliwa Noreen. Kule Kentucky alikotoka aliitwa Glenda Stamper, mke wa Lonnie Stamper, na huyo Lonnie alimvunja taya, akamvunja mkono, na mara ya mwisho alimfungia kwenye banda la trekta siku nzima bila maji. Alitoroka na nguo alizovaa. Alipofika Nebraska mahakama ikambadilishia jina, faili likafungwa asilione mtu. Kessling nzima aliyeijua habari hiyo ni mmoja, mzee Einar Lindqvist, wakili wa mji, kwa sababu yeye ndiye aliyeisimamia. Wengine walijua tu kwamba Noreen hapendi picha. Krismasi wenzake wakijipanga mbele ya mti, yeye ndiye wa kushika simu na kuwapiga picha.

"Wewe kaka!" Bev Zoubek akaita kutoka dirisha la pili. Bev ni mwenzake wa kaunta, mwanamke mcheshi, mdomo wake hauna breki. "Unatafuta bili ya maji au unatafuta mchumba? Kama ni mchumba mimi nimeshaolewa, ila mume mwenyewe sioni faida yake, tunaweza kuzungumza."

Wazee wawili waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mwenye kamera hakucheka. Akaizungusha kamera taratibu: dari, bendera, foleni, Bev, mlango wa nyuma, kisha kisogo cha Noreen. Hapo akatulia.

"Nafanya habari," akasema hatimaye. "Hapa ni mahali pa umma. Kinachoonekana narekodi."

"Habari za gazeti gani?" Bev akauliza.

"Za kwangu mwenyewe."

"Nani kakutuma?" Hilo lilimtoka Noreen kabla hajalizuia, bado kaelekea kabatini.

Mtu yule akatabasamu. Ukweli ni kwamba angejibu swali lile kwa neno moja tu, mambo yasingefika yalikofika. Lakini watu wa kazi ile wamefundishana kutojibu. "Kwa nini unauliza nani kanituma, mama? Kuna kitu mnaficha? Wewe ni mtumishi wa umma. Jina lako nani?"

Jina! Kati ya yote ya kumwuliza, amemwuliza jina. Noreen akaiacha kaunta. Akaingia chumba cha nyuma, akafunga mlango akabakiza upenyo, akampigia Lindqvist ambaye ofisi yake iko ng'ambo tu ya barabara.

"Anafanya fujo?" mzee akauliza.

"Hapana."

"Kapita nyuma ya kaunta?"

"Hapana."

"Katukana mtu? Katisha mtu?"

"Mzee, hasemi kitu! Ndiyo maana naogopa."

Lindqvist akashusha pumzi. "Sikiliza, mwanangu. Watu hawa nawajua. Wanazunguka nchi nzima, mji hadi mji. Leo posta, kesho maktaba, keshokutwa kituo cha polisi. Wanasema wanaipima serikali kama inaiheshimu Katiba. Wanachotaka ni mtu awafukuze, kwa sababu kufukuzwa ndiko kunakotazamwa. Mpeni kahawa. Mwacheni arekodi ukuta mpaka mkono umwume. Video ya ukuta nani ataitazama?"

"Na uso wangu?"

"Kaa huko huko nyuma. Na usimwite Travis. Umenisikia? Polisi usimwite."

Ushauri mzuri, hakuna aliyewahi kupewa mzuri zaidi pale Kessling. Noreen akauweka kichwani na kukaa juu ya boksi la karatasi akijipulizia viganja. Lakini ukiwa umeishi kwa roho juu miaka yote hiyo, masikio hayakubali kupumzika. Akachungulia upenyoni. Gari la yule mtu lilikuwa nje, namba za Missouri. Missouri iko njiani kutoka Kentucky. Na sasa kamera ilikuwa kwenye ubao wa majina ya wafanyakazi.

"Yule aliyekimbia ndiye nani kati ya hawa?" mtu akamwuliza Bev.

"Nani, Noreen wetu?" Bev akacheka. "Usimjali, huyo ana aibu. Hata siku yake ya kuzaliwa hatuijui. Miaka yote hii hatujamwona hata binamu."

Ah, Bev! Noreen akamtazama mwenzake waliyekula naye mchuzi wa maharage wenye pilipili na mikate ya mdalasini kila Ijumaa, na kwa mara ya kwanza akamshuku. Kwa nini anamweleza mtu asiyemjua? Au anamjua? Wamepanga? Hapo ushauri wa mzee ukamtoka wote. Akaishika simu akampigia Travis.

Travis Kolar ndiye polisi wa zamu, kijana mwenye moyo mzuri na mabega mapana, akimpenda Noreen kama shangazi yake. Alisikia tu sauti yake inavyotetemeka, akaja mbio.

"Zima hiyo kamera, utoke," akamwambia yule mtu.

"Kwa sheria ipi, afande?"

"Sheria ya mimi nimesema utoke."

Loo! Sentensi ile. Ungeona macho ya yule mtu yalivyong'aa, kama mtoto kaletewa keki. "Mmesikia, watazamaji? Mmesikia? Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, afande! Haki ya kusema, haki ya habari! Jengo la umma, saa za kazi, na simzuii mtu! Naitwa Cody Straub na siendi popote!"

Watazamaji! Kumbe ilikuwa inakwenda moja kwa moja, watu wanaitazama pale pale. Noreen hakuielewa hata hiyo. Alichosikia ni "siendi popote", akatoka chumbani uso wazi, mkono kaunyoosha, sauti imempaa.

"Mtoe, Travis! Mtoe! Mtoe!"

Travis akamkamata Straub, akamgeuza, pingu zikalia. Kamera ikabaki inaning'inia kwenye mkanda, inaangalia kaunta.

Basi. Video ya ukuta ingetazamwa na mama yake Straub na paka wake. Video ya polisi akimfunga pingu mtu aliyesimama tu, na nyuma yake mwanamke anapiga kelele mtoe mtoe, hiyo ikaruka nchi nzima kabla ya chakula cha mchana. Simu za ofisi zikaanza kulia. Watu wa Florida, watu wa Oregon, ambao Kessling hawawezi kuiona kwenye ramani, wanapiga kumtukana Travis na yule "mama wa mtoe". Mwendesha mashtaka wa wilaya akaitazama video mara moja tu, akaifuta kesi. Straub akaachiwa jioni ile ile, ila kamera ikabaki polisi mpaka wapate wa kusaini.

Asubuhi iliyofuata Lindqvist alikuja mwenyewe, akamkuta Noreen chumba cha nyuma, akafunga mlango.

"Nilikwambia usimwite Travis."

"Nilisikia."

"Sasa inabidi tumwombe radhi mbele ya baraza. Kwa maandishi."

"Tumwombe radhi yeye!" Noreen akasimama. "Kwa hiyo yeye ana haki, mimi sina."

"Unazo. Ila hiyo unayoitaka haimo." Mzee akavua kofia, akakaa kwenye boksi. "Mtu anaweza kukuudhi. Anaweza kukukejeli, kukusema vibaya, kurekodi uso wako ukiwa kazini kwenye ukumbi ulio wazi kwa watu wote. Sheria haimgusi. Inamgusa akivuka mpaka. Akitishia kukudhuru, tena anajua vizuri kwamba utalichukulia kama tishio la kweli. Akichochea watu wakuvamie sasa hivi. Akikuzushia uongo huku anajua ni uongo. Au akiivuruga kazi ya ofisi. Huyu hakuvuruga kazi. Walioivuruga ni sisi."

"Na Lonnie akiniona?"

"Kuona si kosa."

"Akinipigia?"

"Akikupigia akasema atakuua, nitahakikisha amefungwa hata iwe kazi yangu ya mwisho duniani."

"Mpaka aseme."

"Mpaka aseme. Au afanye." Mzee hakumtazama usoni. "Ile amri ya Kentucky ya kumkataza asikukaribie imekwisha muda. Tukiomba mpya, lazima apelekewe taarifa. Na taarifa itaandikwa imetoka mahakama ya wapi? Ya hapa."

Noreen akauegemea mlango. "Hivi hiyo Katiba waliiandika wakiwa wamelewa?"

"Sijui, mama. Mimi mzee, lakini si kiasi hicho."

Noreen hakucheka. Siku ile nzima alifanya kazi kama mwizi ndani ya nyumba ya watu. Gari lake alilificha nyuma ya maghala ya mahindi. Tarishi alipoingia akamwangalia mikono. Mkulima mmoja aliyekuja kuulizia kibali cha uzio alimwambia "nimekuona kwenye simu ya mwanangu", akamjibu kwa ukali mpaka mtu wa watu akaondoka bila kibali. Bev akamletea kahawa, yeye akainusa kwanza. Hata Lindqvist alimfikiria: mtu pekee anayejua, na ndiye anayemwambia akae kimya, asiite polisi, asiombe amri. Kwa nini? Woga ukishaota mizizi hauchagui, unamshuku hata aliyekuokoa. Namwonea huruma Noreen, lakini siwezi kusema alikuwa anafikiri sawasawa.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, Cody Straub akarudi. Polisi walikuwa wameipeleka kamera yake pale kaunta aje asaini na kuichukua. Bila kamera kifuani alionekana mtu wa kawaida kabisa, pua nyekundu kwa baridi, koti lina zipu mbovu. Bev alikuwa kwenye simu na mtukanaji. Noreen akamsogelea Straub, akaishika kamera kwa mikono miwili asimpe.

"Lonnie kakulipa nini?"

"Lonnie nani?"

"Usinifanye mjinga. Kakulipa nini uje unitafute?"

"Dada, mimi simjui Lonnie yeyote." Akamkodolea macho, na Noreen, ambaye alikuwa amesoma uso wa mwongo kila siku ya ndoa yake, akaona kwamba huyu hadanganyi. Hilo likamtisha kuliko kama angedanganya.

"Sasa ulikuja Kessling kufanya nini?"

Straub akajikuna ndevu. "Niliona kibao barabara kuu. Nilikuwa naishiwa mafuta, nikasema, ngoja nipitie na ofisi ya mji."

Mafuta! Mtu kaharibu maisha ya mwenzake kwa sababu tangi la gari lilikuwa tupu.

"Nilikuuliza nani kakutuma," Noreen akasema. "Ungesema hakuna. Neno moja. Ukacheka."

"Hatujibu maswali. Ndiyo kazi yenyewe. Ukianza kujibu wanakuzungusha mpaka unatoka mwenyewe." Kisha akashusha sauti. "Kaka yangu walimpiga ndani ya kituo cha polisi kule kwetu, mpaka leo haoni jicho moja. Hakukuwa na kamera hata moja. Ndiyo maana nazunguka. Si kwa ajili ya kukutafuta wewe."

Noreen akamwambia. Alimwambia yote pale kaunta, kwa kunong'ona, taya, mkono, banda, jina. Hakujua kwa nini alimwambia huyu, wakati hata Bev hakuwa amewahi kuambiwa. Straub alizidi kupauka jinsi alivyosikiliza. Akatoa simu yake.

"Naifuta. Sasa hivi naifuta. Lakini wenzangu wameshaichukua, wameiweka kwao, hao siwezi..." Alikuwa anapitia maoni ya watu chini ya video, na kidole chake kikakwama. Kisha akaigeuza simu ikaangalia kifua chake.

"Nini?" Noreen akauliza.

"Hakuna kitu."

"Umeona nini? Lete hapa!" Akampokonya.

Mtu asiye na picha wala jina la maana alikuwa ameandika: Huyo mama anayesema mtoe, sauti yake naijua. Hapo ni wapi? Na chini yake, jibu la Cody Straub mwenyewe, limewekewa na kikatuni cha tabasamu: Kessling, Nebraska, kaka! Ofisi ya mji. Wapigie uwape salamu. Na namba ya simu.

"Nilimjibu kila mtu hivyo hivyo," Straub akasema. "Ndivyo tunavyofanya. Tunawaambia watu wapige, viongozi wasikie hasira ya wananchi. Sikujua, dada. Wallahi sikujua... Naenda kumwita wakili wa mji, hapo ng'ambo." Akatoka mbio, kamera kaiacha kaunta.

Bev alikuwa amemaliza na mtukanaji mmoja na simu ikalia tena. "Ofisi ya mji wa Kessling. Kama ni matusi, panga foleni, waliokutangulia ni wengi." Akasikiliza. Nyusi zikapanda. Akafunika simu kwa kiganja. "Shoga, wa leo ana adabu zake. Hatukani. Anasema ni jamaa yako."

Noreen angeweza kukata. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Lakini angekata, angekaa tena miaka akisubiri asichokijua, na yeye alitaka kujua. Akabonyeza kitufe cha spika.

"Glenda," sauti ikasema.

Bev akageuka kutafuta Glenda ni nani. Ukumbini kulikuwa na watu kama sita, wote wakaigeukia simu.

"Nimekuona kwenye video, Glenda. Umekata nywele. Zimekupendeza."

"Unataka nini, Lonnie?"

"Sitaki kitu. Mtu hawezi kumsalimia mke wake?"

Mlango ukafunguka, Lindqvist akaingia akihema, kofia hana, Straub nyuma yake. Noreen akamwangalia mzee kwa macho ya kuuliza. Mzee akatega sikio kwenye spika.

"Mimi si mke wako."

"Haya, si mke wangu. Mbona hasira? Mimi siku hizi nimeokoka, naimba kwaya. Nimefurahi tu kujua ulipo. Pazuri hapo? Naona kuna theluji."

Lindqvist akatikisa kichwa polepole. Bado. Hakuna kitu hapo.

"Sema unachotaka kusema," Noreen akamwambia. Alikuwa ameinama juu ya ile simu, mikono kaikaza kwenye ukingo wa kaunta. "Ulikuwa na mdomo sana, Lonnie. Kila usiku ulikuwa unaniambia utanifanya nini. Sema sasa. Kuna watu hapa wanakusikia. Sema!"

"Niseme nini, mpenzi?"

"Nitishe! Nitishe basi, mwanaharamu! Niambie utaniua! Liseme!"

Sauti yake ikagonga kuta zote za ukumbi. Mzee mmoja kwenye foleni akaondoa kofia bila kujua anafanya nini. Straub alikuwa kasimama karibu na kamera yake, mikono mitupu, machozi yanamlenga.

Lonnie akacheka kwa upole, kicheko cha mtu anayembembeleza mtoto. "Hebu jisikilize unavyopiga kelele mbele za watu. Mimi sijamtishia mtu. Nchi huru hii, Glenda, barabara ni za wote, na mimi nina likizo yangu sijaitumia. Haya, mchana mwema." Akakata.

Travis alikuwa ameshafika naye, kasimama mlangoni na mkono kiunoni, akamtazama wakili. "Mzee, tunamkamata kwa lipi?"

Lindqvist akaitazama ile simu. "Hakusema kitu," akasema. "Nimesikiliza kila neno. Hakusema kitu."

Bev akamshika Noreen bega. Safari hii hakuwa na mzaha wowote. "Shoga," akauliza taratibu, "Glenda ni nani?"

"Ni mimi," Noreen akasema, akafungua droo yake akaanza kutoa vitu vyake kimoja kimoja, akivitia mkobani.